Jinsi ya kufundisha mazingira na uraia wa dunia sekondari: shika kitu kimoja, kifuate mpaka kilikotoka

Walimu wenzangu habari za kazi. Mwongozo huu nimemwandikia zaidi mwalimu wa sekondari ya kata, yule mwenye wanafunzi 70 kwenye mkondo mmoja, projekta hamna, bando analonunua mwenyewe, na mtihani wa taifa unamsubiri. Mwenye shule yenye kila kitu ataufaidi pia ila sikumfikiria yeye kwanza.

Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yalipitishwa na nchi 193 Septemba 2015 na mwisho wake umewekwa 2030, na shule nyingi yapo, yamebandikwa ukutani kwa rangi nzuri kabisa. Mwanafunzi anaweza kukutajia yote kwa mpangilio afu akigeuka anatupa kifuko cha ubuyu dirishani, na wala siyo mtoto mbaya, ni kwamba hamna siku hata moja tuliyomuonyesha kuwa lile bango na kile kifuko ni habari moja. Mimi naamini kabisa somo hili linaingia ukianza na kitu ambacho mtoto anakishika kwa mkono wake, mkakifuata mpaka kilikotoka na mpaka kinakoenda, kijijini, mkoani, nje ya nchi, afu mkauliza nani anafaidika, nani anaumia, na nani mwenye uwezo wa kubadilisha. Malengo yale 17 yatajitokeza yenyewe njiani. Ukianza nayo wewe, wanakariri tu.

Hatua ya kwanza: toa mazingira kwenye adhabu

Hii naiweka mwanzo makusudi kwa sababu usipoifanya hizo zingine zote ni kazi bure. Shule zetu nyingi mwanafunzi akichelewa anaambiwa amwagilie miti ndoo tano, akipiga kelele anapewa eneo la kufyeka, akikosa kazi ya nyumbani anaokota taka uwanja mzima wenzake wanamwangalia dirishani. Miaka minne mtoto anaoneshwa kwa vitendo kwamba mti ni adhabu, jembe ni adhabu, taka ni aibu, afu tunategemea akimaliza fomu foo awe mlinzi wa mazingira, kwa kipi jamani?

Nenda kwa mwalimu wa nidhamu na makamu mkuu wa shule kwa utulivu, usiende kwenye kikao cha walimu ukaanza kuwasema watu. Omba jambo moja tu, kwamba kupanda, kumwagilia na kuokota taka visitumike kama adhabu, na uende na mbadala mkononi, mfano mwanafunzi kubaki baada ya vipindi amalizie kazi aliyokosa, au kuandika maelezo na mzazi kuitwa. Usafi wa asubuhi ubaki ila uwe wa zamu, na viranja, kaka mkuu na dada mkuu wawe kwenye zamu kama wengine, kwa sababu shule ambayo kiranja anasimama na fimbo wenzake wakifagia inafundisha uraia pia, ila uraia mbaya. Na wewe mwalimu shika ufagio siku moja moja. Wanaona.

Uongozi ukisita, omba kipande kimoja cha eneo, bustani moja, iwe ndiyo isiyoguswa na adhabu kwa muhula mmoja. Utaona tofauti ya ile bustani na zingine afu wataona na wao.

Hatua ya pili: chagua kitu kimoja kwa muhula mzima

Kimoja. Tamaa ya kufundisha plastiki, maji, misitu, haki za binadamu na mabadiliko ya tabianchi ndani ya wiki kumi ndiyo inayofanya watoto watoke na maneno tu. Kitu kizuri kina sifa tatu: wanafunzi wanakutana nacho kila siku, kinaweza kupimwa kwa mizani, ndoo au rula, na kina upande wa mbali, yaani kuna mtu wa nchi nyingine anayehusika nacho.

Ukiwa kanda ya ziwa una sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na kwingineko, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanatafutwa na wanunuzi wa China, na mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa, ndiyo yanayobaki kwetu, hapo una somo la muhula mzima bila kutoka Mwanza. Ukiwa Zanzibar una mwani wa Paje na Jambiani, unalimwa na kina mama, unasafirishwa nje unaishia kwenye dawa za meno na vyakula vya viwandani, na maji ya bahari yakipata joto aina ile ya bei nzuri ndiyo inayokufa mapema. Barabara ya Tunduma mpaka Dar wana malori ya madini kutoka Kongo yanapita mbele ya geti la shule. Shinyanga na Simiyu wana pamba. Na popote pale Tanzania kuna kuni za jikoni na nguo za mtumba. Wewe angalia kilichopo kwako.

Waulize na wao wenyewe, waandike kwenye vikaratasi vitu vinavyopita shuleni kwa siku moja afu mpige kura ya siri. Ile kura tu ni somo la uraia, wahesabu kura wachague wao.

Hatua ya tatu: tafuta muda bila kuomba kipindi kipya

Kipindi kipya hutapata, usijisumbue. Kaa na wenzako wawili au watatu mkiwa na maazimio ya kazi mkononi, mwangalie mada zenu zinagusana wapi. Mwalimu wa Jiografia ana mazingira, hali ya hewa na kilimo. Wa Biolojia ana uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Wa Kemia ana nishati na maji. Uraia, au Historia ya Tanzania na Maadili kwa mtaala mpya, ana haki, wajibu na uongozi. Hisabati wana takwimu na wanalilia mifano halisi. Kiswahili wana uandishi wa barua rasmi na hotuba, hii ni dhahabu, utaiona mbele. Kila mmoja akitoa vipindi vyake viwili vitatu ambavyo angefundisha hata hivyo, mnapata muhula mzima na silabasi haijaguswa. Kazi zinaweza kuingia kama kazi mradi kwenye alama za maendeleo, kwa hiyo hata mkuu wa shule anakuwa na cha kuonesha mkaguzi akija.

Lugha: maandishi ya mtihani yatakuwa kwa lugha ya mtihani, sawa, ila mjadala waache waongee Kiswahili. Mtoto wa fomu tuu ana mawazo mazito sana kuhusu nani anakata miti kijijini kwao, ukimlazimisha kuyasema kwa Kiingereza anakwambia sentensi moja na kukaa. Wajadili kwanza, wakishaelewa ndiyo mnahamisha istilahi.

Klabu nayo inasaidia ila isichukue nafasi ya darasa, maana klabu inakusanya wale ambao tayari wanapenda. Kama mna Malihai au Roots & Shoots zitumieni, na wasimulieni watoto kwamba Roots & Shoots ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, na wanafunzi 12 wa sekondari, na sasa iko nchi nyingi duniani. Inawapa moyo kujua jambo lilianza na watoto wa umri wao.

Hatua ya nne: pimeni kabla hamjaongea

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nachukua mfano wa kuni za jikoni kwa sababu kila mtu anao.

Siku ya kwanza msiseme chochote kuhusu misitu. Nendeni jikoni kwa makubaliano na mpishi, na mumheshimu, yeye ndiye mtaalamu pale, muulizeni anawasha saa ngapi, anapika uji na makande au ugali maharage kwa muda gani, kuni zipi zinamsumbua, moshi unamfanyaje macho na kifua. Tafuteni mizani ya kuning'iniza, ya kupimia mazao, mtu yeyote wa mazao atawaazima. Kwa siku tano za shule kundi moja linapima kuni asubuhi kabla ya kuwasha na zinazobaki mchana. Wanaandika kwenye daftari moja, tarehe, kilo, chakula gani, idadi ya waliokula.

Afu Hisabati. Tuseme mmepata wastani wa kilo 60 kwa siku, na shule inapika siku 200 kwa mwaka, hizo ni kilo 12,000, tani 12. Wagawe kwa idadi ya wanafunzi. Wachore grafu. Waangalie siku ya maharage na siku ya uji tofauti ni kiasi gani. Hapo hujatamka neno uendelevu lakini wanaanza wenyewe kuuliza "sasa hizi tani 12 zinatoka wapi madam", na hilo swali likishatoka kwao kazi yako imekuwa nyepesi.

Sasa jibuni swali. Zinatoka wapi? Shule nyingi wanafunzi wenyewe wanaleta, mzigo mmoja kwa wiki, na ukiwauliza nani anazitafuta nyumbani utakuta mara nyingi ni wasichana na mama zao. Waulize wanatembea umbali gani na bibi zao walikuwa wanatembea umbali gani, wakawahoji wazee jioni, waandike. Hapa ndiyo unamleta Wangari Maathai, kwamba alianzisha harakati yake ya kupanda miti Kenya mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza kina mama wa vijijini wakilalamikia haya haya, kuni zimekuwa mbali, maji yanakauka, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ya amani siyo ya misitu, waulize darasa kwa nini amani. Waache wafikirie, msiwakimbizie jibu.

Fizikia ipo pale pale: kuni mbichi zinatumia moto wake mwenyewe kukausha maji yaliyomo kabla ya kupasha sufuria. Maharage yakilowekwa usiku yanaiva haraka. Sufuria lenye mfuniko. Jiko banifu dhidi ya mafiga matatu. Badilisheni jambo moja, mfano kuloweka maharage, pimeni tena wiki moja, linganisheni na ile ya kwanza. Jambo moja kwa wakati, la sivyo hamtajua kipi kimesaidia.

Kama kitu chenu cha muhula ni taka badala ya kuni, mambo mawili ya usalama. Hamna mtoto kushika taka kwa mkono mtupu, tafuteni glovu au mifuko ya kuvaa mikononi na vijiti, na taka za choo cha wasichana hazihusiki kabisa kwenye zoezi, hizo mwachie matroni na mzitengee sehemu yake yenye heshima. Na msichome plastiki baada ya kuzihesabu maana mtakuwa mmefundisha kinyume.

Hatua ya tano: kifuateni nje ya geti

Baada ya kupima ndiyo mnasafiri, kwa chaki tu. Mfano wangu ni fulana ya mtumba kwa sababu ni safari nzuri kuliko zote na mwanafunzi anayo nyumbani.

Kila mtu aje na jina la nchi lililoandikwa kwenye lebo ya nguo moja ya nyumbani, asilete nguo, kuna watoto wataona aibu, alete jina tu kwenye karatasi. Orodhesheni ubaoni. Itakuja Bangladesh, China, Vietnam, Uturuki, Mexico. Chora ramani ya dunia ubaoni hata kama mbaya afu mweke nukta.

Sasa waeleze njia nzima. Mkulima wa Bariadi au Maswa, mkoani Simiyu, anavuna pamba, anauza pamba mbegu kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kiwandani inachambuliwa mbegu zikaenda kwenye mafuta na mashudu, pamba nyuzi sehemu kubwa inafungwa marobota inapelekwa bandarini Dar na kutoka hapo Asia. Huko inasokotwa, inafumwa, inatiwa rangi, inashonwa. Inakadiriwa fulana moja ya pamba inatumia lita 2,700 za maji mpaka ikamilike, wabadilishe hizo kuwa ndoo za lita 20, ni ndoo 135, waulize nyumbani wanachota ndoo ngapi kwa siku. Fulana inauzwa Ulaya au Marekani, inavaliwa, inatolewa msaada, inachambuliwa, inafungwa belo, inarudi Dar au Mombasa, inaishia kwenye masoko ya mitumba, Karume ya Dar, Mlango Mmoja ya Mwanza, Memorial pale Moshi, Gikomba ya Nairobi kwa jirani zetu. Yaani inawezekana kabisa pamba iliyotoka Simiyu imezunguka dunia na kurudi Simiyu ikiwa imeshavaliwa na mtu. Darasa likifika hapa huwa linanyamaza, wape hiyo dakika, usiijaze maneno.

Wataje na watu waliokutana na ile fulana njiani. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lenye viwanda vya nguo, lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji, na nyufa zilikuwa zimeshaonekana siku moja kabla ila wakaambiwa waingie kazini. Mwanafunzi wa Maswa anaelewa hilo vizuri tu, hahitaji kuelezwa sana.

Afu siasa ya biashara, usiogope kuigusa, iko wazi na kila mtu anaijua. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue, lengo likiwa 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo. Swali la darasa ni moja: wewe ungekuwa rais ungefanyaje? Hakuna jibu moja sahihi na ndiyo uzuri wake.

Kwa simu njia ni fupi zaidi. Lete simu iliyokufa, ya kwako, maana wanafunzi hawaruhusiwi, na betri isifunguliwe wala kutobolewa, inaweza kuwaka. Betri nyingi za simu zina kobalti na takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Kolwezi na mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, kwa watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Wengine wanachimba kwa mikono na wapo watoto wa umri wa fomu wani kati yao. Mzigo unapita mpaka wa Kasumbalesa, unavuka Zambia, unaingia Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro mpaka bandarini. Watoto wa Mbeya wanalipungia mkono lori bila kujua limebeba nini, wakijua wanakuwa na maswali ya wiki nzima.

Hatua ya sita: mjadala wa haki, na namna ya kuuendesha na watu 70

Mjadala wa kambi mbili za kukubali na kukataa mimi siupendi kwa mada hii, unafundisha kushinda tu. Gawa darasa makundi saba ya watu kumi, kila kundi mpe mtu mmoja wa kumsemea: mama muuza mitumba wa Karume, mkulima wa pamba wa Bariadi, fundi cherehani wa mtaani, mshonaji wa kiwandani Bangladesh, mkusanyaji wa nguo zilizotumika Marekani, waziri wa biashara, na mzazi mwenye watoto watano na mshahara mdogo. Dakika 15 waandae, kila kundi dakika tatu za kusema, afu raundi ya pili ambayo ndiyo muhimu, kila kundi lazima liseme ni kundi gani lingine wamelielewa na kwa nini. Raundi hiyo usiikate hata kengele ikikaribia.

Kuna watoto darasani ambao ada ya kaka yao imetoka kwenye mitumba. Mwambie kila mtu mapema kwamba hapa hatumhukumu muuzaji, tunaangalia njia nzima.

Na kwenye tabianchi uwe mkweli kwa namba. Mtanzania kwa wastani anatoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na nishati na viwanda, Mmarekani ni kama tani 14. Mtoto wa kijijini asibebeshwe lawama kama vile yeye ndiye ameyeyusha barafu ya Kilimanjaro. Ila asiachwe pia na wazo kwamba yeye hana la kufanya, kwa sababu mto ulio nyuma ya shule unaharibiwa na watu wa hapahapa. Waonyeshe kwamba nchi masikini zilidai fidia miaka mingi mpaka mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022 ukakubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na kwamba dai linapata nguvu likiwa na takwimu zake. Kama wao walivyopima kuni.

Wanafunzi wakitoka na hofu, wakisema dunia inaisha, usiwacheke na usiwapooze kwa maneno matamu, wapeleke kwenye hatua inayofuata haraka.

Hatua ya saba: fanyeni jambo moja linaloonekana

Dogo, likamilike ndani ya muhula. Mawazo matatu ambayo najua yanawezekana.

Maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Wapime paa la darasa, tuseme mita 20 kwa 8, ni mita za mraba 160, mvua ya milimita 10 inaleta lita 1,600, ukitoa asilimia 20 inayopotea zinabaki 1,280, kwa hiyo mvua nne za namna hiyo zinajaza tenki la lita 5,000 na kumwagika. Hesabu hii ikiandikwa vizuri na wanafunzi, na gharama ya mabomba na tenki kutoka duka la vifaa la karibu, bodi ya shule inaisikiliza kuliko ombi lolote la mwalimu.

Miti. Pandeni michache mtakayoweza kuitunza, 20 iliyopona inazidi 500 ya kupigia picha Aprili mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Kanda ya kati mvua zinaanza Desemba mmefunga shule, kwa hiyo andaeni mashimo Novemba mpande Januari mkifungua. Kila mti uwe na watu watatu, mmoja akiwa anakaa karibu na shule kwa ajili ya likizo ya Juni. Mbuzi mnawajua, zungushieni miiba. Msipande mikaratusi, nasisitiza, karibu na chanzo cha maji, ile miti inayonyonya maji sana, na changanyeni na ya matunda ili watoto wawe na sababu ya kuipenda.

Barua. Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anaingia. Kama daftari la kuni linaonyesha tani 12, wanafunzi wanaandika barua rasmi kwa bodi ya shule wakiomba jiko banifu au gesi, wakiambatisha namba zao. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe, kwa hiyo barua yao ina mahali pa kusimamia. Kama kero iko nje ya shule, mfano dampo karibu na kisima, inapelekwa kwa mtendaji na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu. Wajumbe wake ni wenye miaka 18 na kuendelea, basi mzazi au mwalimu aisome kwa niaba yao na wao waje wakae wasikilize. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, wanukuu hiyo kwa adabu. Msiwapeleke watoto kugombana na mwenye kiwanda wala mtu yeyote mwenye nguvu, na mkuu wa shule asome kila barua kabla haijatoka.

Jibu likichelewa, na litachelewa, wafundishe kuandika barua ya kukumbushia. Uraia mwingi ni hiyo barua ya pili.

Hatua ya nane: ongeeni na shule ya nchi nyingine

Watu wanadhani lazima iwe shule ya Ulaya. Anza na Kiswahili. Tafuta kupitia makundi ya walimu mwalimu mmoja wa Mombasa, Kisumu, Bukavu au Lubumbashi. Kila wiki mbili mnabadilishana sauti ya dakika mbili kupitia simu za walimu, darasa lenu linauliza swali moja, wao wanajibu na kuuliza lao: mnapikia nini, maji mnapata wapi, mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku lini kwenu na mnabebea nini sasa. Rwanda walianza 2008, Kenya Agosti 2017, sisi Juni 2019, watoto wakilinganisha hali halisi ya sokoni kwao wanaona wenyewe kwamba sheria ni ile ile ila utekelezaji unatofautiana, na wanaanza kuuliza kwa nini. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ni siku nzuri ya kusomeana kazi kama shule zote mbili ziko wazi.

Majina kamili na sura za wanafunzi zisitumwe, tumeni picha za madaftari, grafu, jiko, mti. Sauti isitaje jina.

Hatua ya tisa: kusahihisha na kutunza

Alama usitoe kwa maoni. Mwanafunzi anayesema mitumba ipigwe marufuku na anayesema iachwe wote wanaweza kupata 18 kati ya 20. Unachopima ni vinne: amepima au amehoji mwenyewe, namba zake zinaeleweka, amewataja watu wa pande zaidi ya moja, na amependekeza jambo linaloweza kufanyika na mtu anayetajwa kwa cheo. "Serikali ifanye" haitoshi, serikali ipi, mtendaji, bodi, halmashauri au wizara? Kwa darasa kubwa sahihisha kwa makundi, na kila mmoja aandike peke yake aya moja ya jambo lililobadilisha mawazo yake, hizo unazisoma haraka na zinakuonesha nani ameelewa.

Lile daftari la vipimo lisiende nyumbani na mtu. Likae kwa makamu au stoo ya maabara, jina la kitu na mwaka juu ya jalada. Fomu tuu ya mwaka huu wakiingia fomu three wanawakabidhi wadogo zao, wanawafundisha wenyewe kutumia mizani, na kipimo cha kwanza kinafanyika wiki ile ile ya mwaka uliopita ili namba zilinganishike. Kama jiko jipya limekuja, pimeni kabla na baada. Kama halijaja, barua ya tatu iandikwe na darasa jipya, ikiwa na namba za miaka miwili.